Mkia wa Neno

Saa tatu usiku, Ibra. Joto halijatoka ukutani.
Vyombo vimekauka. Muhanna ananisukumia daftari:
"Nisikilize." Kesho ana mtihani, darasa la sita,
na wa kumsikiliza ndiye mimi,
Nadzua wa Kinango, niliyeacha shule
mwaka ule ng'ombe walipokwisha.

Neno ni employ. Analiunga mkia: employer.
Anaukata, anaunga mwingine: employee.
"Huyu anatoa mshahara, huyu anapokea. Usichanganye."
Sichanganyi, baba.
Kwetu mkia ni wa. Mwajiri, mwajiriwa.
Silabi moja tu,
na ndiyo inayoamka saa kumi na moja kuosha gari.

Kisha vinyume. Lock, unlock.
Hapo nikamtangulia: funga, fungua,
kunja, kunjua, ziba, zibua,
tega, tegua, choma, chomoa,
yakanitoka kama mbaazi gunia likipasuka.
"Kumbe unajua!" Macho yamemtoka.
(Pasipoti yangu iko droo ya juu,
chumba cha mama yake. Funga.)
Happy? Unhappy, anajibu.
Home?
Akatafuna penseli. Akageuza ukurasa, akarudi.
"Home haina kinyume. Mwalimu hakutupa."
Nikapangusa meza niliyokwisha kuipangusa.

Desert ina s moja: mchanga ule unaoanzia Bidiya.
Dessert ina mbili: halwa ya bibi yake,
sahani ya bluu, mlozi juu.
"Nitakumbukaje?" Nikamwambia,
kitamu mtu hukiomba mara ya pili. Kipe s ya pili.
Akacheka, akaandika pembeni mwa daftari,
na jina langu kando yake, kama mimi ndiye mwalimu.

Alipolala nikachomoa karatasi ya katikati.
Miaka miwili na miezi mitatu sijamsuka Mbodze nywele.
Kusema nimesema, mara mbili, jikoni,
maneno yakaishia kwenye mlio wa blenda.
Bi Nawal ni mtu wa hospitali, huamini kilichoandikwa.
Basi nikaandika, Kiingereza cha usiku ule ule,
nikakibana na sumaku kwenye friji:
Please Madam, I want to live. Two months only.

Asubuhi gari halikuondoka.
Bi Nawal kasimama jikoni, abaya mwilini, funguo mkononi,
karatasi inamtetemeka.
"Nadzua, unaumwa? Nani kakupima?
Nani kakwambia miezi miwili?"
Nikajibu kwa adabu: miwili inanitosha, mama.
Akavuta kiti, akakaa kwa uzito.

Muhanna, mkate mdomoni, akachungulia.
"Siyo live! Leave!
Hii kuishi, hii kuondoka.
Yamo kwenye orodha ya yanayochanganywa!"
Akachukua kalamu nyekundu, akakata, akaandika juu.
Masikioni mwangu yote mawili yalikuwa sauti moja.

Bi Nawal alicheka hadi wanja ukamshuka mashavuni,
nami nikacheka kwa kumwona anacheka.
Kisha akanyamaza kabla yangu.
Akaisoma tena, ile ya chini ya wekundu.
Akapanda ngazi. Nikasikia droo.

Sasa niko Kinango, kichwa cha Mbodze katikati ya magoti yangu,
nusu kimesukwa, nusu kimesimama.
Simu imelia. Ni Muhanna:
kumi na tisa kwa ishirini, halafu picha ya halwa,
halafu sentensi moja, peke yake:
Nadzua, the house is quite.

Herufi mbili zimepishana mlangoni.
Alitaka kusema nyumba ni kimya.
Amesema nyumba ni kabisa.

Nimeisoma mara tatu, mafuta yakikauka vidoleni.
Sikumsahihisha.